Paswedi Iliyokuwa Chini ya Duara

Mchana nilikuwa mwalimu wa darasa la nne Busawe, jioni nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kwa masafa. Wenzangu walikuwa na maktaba; mimi nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka na jiwe la kukalia nyuma ya vyoo vya shule, mahali pekee pale shuleni mtandao uliposhika. Falsafa ya Elimu yote niliisomea hapo. Cheka tu, mimi mwenyewe nilishacheka nikachoka.

Asaimenti ziliwasilishwa kwenye mfumo wa chuo, na mfumo ule ulikuwa na roho mbaya. Leo ulipokea kazi, kesho ulidai haujaiona. Mwaka uliotangulia nilifelishwa somo moja kwa sababu kazi niliyotuma "haikuonekana". Chuo kiliruhusu kurudia mara moja tu. Nikifeli tena, miaka minne yangu ilikuwa imekwenda na maji.

Kwa hiyo nikamkabidhi mambo yote mwenye steshenari pale senta, baba mmoja mpole aliyewachapia kazi walimu wote. Alinifungulia barua pepe na akaunti mpya kwa namba yake ya simu, na paswedi akakaa nayo kichwani. Mimi ninayewakemea watoto kila siku kwa kuangalizia daftari la jirani sikuwahi hata kumwuliza ni ipi.

Halafu dhahabu ikaonekana kwenye shamba la mahindi, upande wa pili wa kilima. Ikawa rashi, kila mtu akakimbilia kuchimba. Senta ikabaki tupu. Fundi cherehani alikwenda, muuza nyama alikwenda, hata mzee wetu wa kanisa alionekana na sururu. Ijumaa ya mwisho wa kuwasilisha, saa sita mchana ikiwa ndiyo kikomo, nilikuta kufuli steshenari. Kazi nilikuwa nayo kwenye simu, mwenye steshenari alinirushia jana yake. Paswedi ndiyo ilikuwa imekwenda machimboni. Simu yake haikupatikana. Nikabahatisha mara tatu, mfumo ukatishia kunifungia.

Bodaboda ilinifikisha rashi saa tano na robo. Mahindi yote yalikuwa yamekanyagwa. Msimamizi wa duara, yaani shimo la kuchimbia, mtu wa Nyangoto aliyezeeka kwenye kazi hiyo, alinizuia kwa mkono.

"Mama, ishia hapo. Mwanamke hasogelei duara, dhahabu inakimbia."

"Dhahabu yenu siitaki. Namtaka mwenye steshenari."

"Yuko chini tangu alfajiri, na mwamba wa dhahabu wameshaugusa. Akitoka kabla ya mzigo wa mawe kutoka, mgao wake umekwisha. Ndiyo sheria yetu. Kama ni neno tu, tumwulize hukohuko, watapokezana mpaka lifike juu."

Nikatazama wanaume wale wote waliokuwa wamekaa wakisikiliza. Paswedi yangu ipite kwenye vinywa vyao?

"Paswedi haipigiwi kelele," nikasema. "Atoke."

"Mama, umesikia nilivyosema juu ya mgao?"

Nilisikia. Naandika hivi ili nisije nikajidanganya uzeeni: nilisikia vizuri kabisa.

"Atoke."

Akaitwa, mwenye steshenari akapanda, tope jekundu hadi kwenye nyusi. "Shikamoo, mwalimu." Sikuitikia. Nilimfokea mbele ya wenzake kama mtoto aliyekuja shuleni bila daftari. Akaniacha nimalize, akapangusa mdomo, akaninong'oneza sikioni:

"Ni neno mwalimu, halafu moja mbili tatu. Herufi ndogo zote."

Hiyo ndiyo siri niliyokuwa naificha. Mtoto yeyote wa darasa langu angeibahatisha.

Mtandao ulisuasua. Yeye alisimama kando yangu, akikodolea kioo kilichopasuka, mpaka zikiwa zimebaki dakika nane maneno yakatokea: kazi imepokelewa. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akageuka kwenda kwenye duara, na msimamizi akatikisa kichwa.

Mzigo ulitoka saa tisa siku ileile. Wenzake aliokuwa nao chini wamejenga nyumba za tofali. Habari hizo nilizipata kwa fundi cherehani; mwenyewe hakunitamkia hata siku moja. Jumatatu alifungua steshenari kama kawaida.

Na mimi, kwa aibu niliyoiita tahadhari, nilibadilisha paswedi wiki hiyohiyo.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimepata C, tena ile ya kuponea chupuchupu. Nilikwenda steshenari kutoa nakala za mtihani wa watoto. Akainua kichwa kutoka kwenye mashine.

"Mwalimu, somo letu lile, tulipata ngapi?"

Alisema "tulipata".

"A," nikamwambia.

Akapiga makofi, akamwita mkewe kutoka nyuma ya duka aje asikie.