Uongo wa Mama Mkwe Wangu

Ile siku bado naikumbuka, mwanangu, kila nikiwasikia nyinyi vijana mkibishana baada ya ibada kama Mkristo anaruhusiwa kudanganya anapowindwa kwa ajili ya imani yake. Mnabishana kwelikweli, sauti juu. Sisi fimbo ilikuwa mlangoni.

Nilikuwa mke mgeni hapa Mlalo, naishi na mama mkwe. Mdogo wake wa kiume alikuwa na binti aliyekataa kula nyama ya tambiko la ukoo, akasema anataka ubatizo. Baba yake akaapa atampiga mpaka aiache dini hiyo. Binti akakimbilia kwa shangazi yake, tukampandisha darini, juu ya jiko, tunakokaushia mahindi. Moshi wa kule, acha tu! Akaanza kukohoa, na baba yake huyo anakuja, anakatiza migombani.

Mama mkwe akaniambia nitwange, kikohozi kisisikike. Kinu kilikuwa kitupu, nikatwanga hivyo hivyo. Kama huo nao ni uongo, mchungaji hajaniambia.

"Shikamoo, dada," akasema yule baba. Heshima zake zote, na fimbo mkononi.

"Marahaba."

"Binti yangu yuko hapa?"

"Hayupo."

Akamtazama sana. "Wewe ndiye uliyemharibu. Haya, sema umeachana na huyo Yesu wako, nami nitaamini hujamficha. Nitakwenda zangu."

Mwanangu, moyoni nilikuwa nampigia kelele: sema, mama, sema tu yaishe!

"Hilo sisemi," akajibu. "Mimi ni wake. Ukitaka kupiga, nipige mimi."

Akampiga begani. Kwetu mtu hamwinulii mkono dada yake mkubwa. Alipoona alichofanya, fimbo ikamtoka, akaondoka bila kuaga.

Nikamrukia mama kwa furaha. "Umemdanganya vizuri!"

Akaiondoa mikono yangu. "Usinisifu. Nimemficha mtoto kwa kuwa sikuona njia nyingine, na neno lile nitalipigia magoti. Petro alimkana Yesu ajiokoe mwenyewe, ndiyo maana akalia vile. Kilio kile sikitaki."

Nikamshusha binti darini, nikaenda kuchemsha maji ya kumkanda mama.

Basi sikia. Wako Wakristo waliokataa uongo wowote, hata wa kuokoa mtu, wakaumia, usiwacheke. Wako waliowaficha wenzao kwa uongo, kama Rahabu alivyowaficha wale wapelelezi. Usiwe mwepesi kuwahukumu. Lakini ukiulizwa wewe kama u wa Kristo, usimkane ili upone. Na ukilazimika kumficha mwenzako kwa neno lisilo la kweli, usijisifu nalo kwa watu. Lipeleke kwa Mungu, umeinamisha kichwa, yeye ndiye anayejua.

Mungu akuepushe na siku ya namna ile, mwanangu. Ikija, asikuache peke yako mlangoni.