Nyumba ya Milango Miwili

Bi Pasi hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia hotelini, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuona mkunjo akaupita. Shuka ikitoka mikononi mwake imenyooka kama karatasi. Moyo wake ndio haukuwahi kunyooka. Alikuwa mtu wa roho juu: simu ikilia, basi kuna msiba, msimamizi akimwita, basi kazi imeota mbawa. Mumewe, fundi rangi mwenye mizaha mingi, alikuwa akisema yeye ameoa wawili kwa harusi moja, mke na wasiwasi wake.

Tangu waoane walikuwa wapangaji wa mtu mmoja. Mwenye nyumba yule alikuwa akigonga mlango kwa ufunguo, si kwa vidole, na Bi Pasi akisikia chuma kwenye mbao alizima redio na kumwashiria binti yake anyamaze, hata kama kodi ilikwisha kulipwa. Alichokuwa akikiogopa hakukijua mwenyewe. Halafu bwana yule akaiuza nyumba, na mnunuzi akataka watu wote watoke. Wakatoka. Kabati lao lilivunjika mguu barabarani, Bi Pasi akabaki amelishikilia huku magari yakimpigia honi, machozi yakimtoka kama mtoto. Palepale akakata shauri kwamba hatahamishwa tena.

Aliyemfungua macho ni dada wa mapokezi hotelini, ambaye alikuwa na nyumba yake. Alimwambia asihangaike kutafuta nyumba ya kukaa peke yake, hataiweza. Atafute iliyo kubwa kuliko haja zake, ajibane pembeni, kwingine apangishe, na kodi ya wapangaji imsaidie kulipa benki.

“Utabanwa miaka kadhaa,” alisema, “lakini utabanwa kwako.”

Waliitafuta hadi wakaipata, nyumba kuukuu ya milango miwili. Mbele kulikuwa na vyumba vitatu, sebule, jiko na choo. Nyuma kulikuwa na vyumba viwili vidogo ambavyo zamani vilikuwa stoo, na kibaraza cha kupikia kilichozibwa kwa mabati. Siku ya kutia sahihi benki, Bi Pasi alizisoma karatasi mara tatu hadi ofisa akaangalia saa.

Fundi rangi alikuwa na ndoto ya kukaa mbele, avute kiti sebuleni kama mtu mzima. Mkewe akamwambia mbele ndiko kwenye riziki.

“Kwa hiyo tumekopa benki,” akasema mume, “ili tukawe wapangaji wa stoo.”

Lakini alikuwa amekwisha kukiinua kitanda upande mmoja, anangoja mtu amshikie upande wa pili. Chumba kimoja wakalala wao. Cha pili wakalala binti na mama mkwe, kikongwe ambaye macho yalikuwa yamepungua nguvu lakini masikio yalikuwa yakisikia hata yasiyomhusu.

Mbele kukapakwa rangi, kukang'aa. Watu wakawa wanakuja, wanafungua mabomba, wanabisha kuta kwa vifundo vya vidole, wanasema watapiga simu. Simu haikulia. Mwezi wa kwanza ukakatika, wa pili ukaingia. Kazini Bi Pasi akaunguza kitambaa cha meza, jambo ambalo halijawahi kumtokea. Msimamizi hakumkaripia, alimtazama tu, na kule kutazamwa kukamnyima raha siku nzima.

Ndipo alipokuja mwalimu wa shule ya msingi na mkewe, ambaye tumbo lilikuwa limekaribia siku zake. Watu wapole. Mwalimu alizunguka chumba kwa chumba, mikono nyuma kama anayesimamia mtihani, akauliza swali moja tu: paa linavuja?

Bi Pasi akamjibu halivuji.

Kumbe alikuwa ameiona alama ya rangi ya chai kwenye dari ya chumba kikubwa, pale pembeni. Aliiona kabla rangi haijapakwa, akamwambia mumewe aipitishie mikono miwili ya rangi nyeupe. Mumewe alisita, akasema rangi haizuii maji. Yeye akamwambia apake tu, mengine yatajulikana mbele ya safari. Mwalimu akahamia. Tangu siku hiyo wingu likijikusanya Bi Pasi alikuwa akitoka uani, anaangalia juu, anarudi ndani.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Hata mwezi hajatimiza, mvua ikaja. Ilikuwa Jumamosi mchana, mvua ya mawe na upepo, ya kung'oa vibao vya maduka. Fundi rangi alikuwa kazini. Bi Pasi alikuwa amekaa kitandani na binti yake wanasikiliza redio, mara kukasikika kishindo upande wa mbele, kama gunia limetupwa. Baada ya hapo kimya. Halafu mlango wao wa nyuma ukagongwa.

Mkono wake ukaenda kwenye redio, ukaizima. Mkono wa pili ukamziba binti mdomo. Mlango ukagongwa tena, kwa nguvu zaidi, naye akabana pumzi.

Kikongwe akapaza sauti kutoka chumba cha pili. “Mlangoni kuna nani? Mbona mmenyamaza kama wezi?”

Bi Pasi akauona mkono wake mwenyewe juu ya mdomo wa binti yake. Aibu ikampanda toka miguuni. Sasa anajificha ndani ya nyumba yake, anamkimbia mtu aliyelipa. Akainuka, akafungua.

Mwalimu alikuwa ameloa chapachapa, vipande vya dari vimemganda kwenye nywele. Hakufoka.

“Mama mwenye nyumba,” alisema, “dari imeanguka. Kitanda cha mtoto kimefunikwa. Bahati nzuri alikuwa anaogeshwa.”

Bi Pasi alitamani kugeuka nyuma amwone huyo mwenye nyumba anayeitwa. Lakini alivuka ua kwenye mvua ile, akamshika mkono mke wa mwalimu, akawaleta wote nyuma. Kikongwe alikwisha kuondoka kitandani kwake bila kuombwa, anapapasa kutafuta kanga kavu za kumfutia mtoto.

Mama na mtoto walipotulia, Bi Pasi akamwita mwalimu kibarazani. Mvua ilikuwa ikipiga mabati, ikabidi aongee kwa sauti jambo ambalo angependa kulinong'ona.

“Ile alama niliiona kabla hamjahamia. Nikaagiza ipakwe rangi.”

“Nilikuuliza, mama.”

“Uliniuliza. Nikakuficha.”

Mwalimu alitazama maji yanavyokimbia uani. Hakumwambia amemsamehe. Alisema mkewe asiambiwe siku ile, kesho yake atamwambia mwenyewe.

Wakaishi watu saba kwenye vyumba viwili. Wenye nyumba ndio waliolala kibarazani, karibu na jiko, na fundi rangi akasema sasa wamepandishwa cheo, kutoka stoo hadi varanda. Bi Pasi hakucheka. Fedha waliyoweka kwa ajili ya benki aliitoa yote kwa fundi wa paa, kisha akaenda kumweleza ofisa, akijua fika kwamba nyumba imekwenda. Ofisa akamsikiliza, akamwambia atalipa mwezi ujao na nyongeza ya kuchelewa, akamwita aliyefuata kwenye foleni. Bi Pasi alikaa kwenye ngazi za benki muda mrefu kabla ya kuamini alichosikia.

Lililomtesa zaidi lilikuwa nyumbani. Mke wa mwalimu alipoambiwa, alimnunia. Walikuwa wakila chungu kimoja, wakipishana mlango mmoja, na mama yule hakumpa hata salamu. Kila mwalimu alipotoka kwenda shule, Bi Pasi alidhani anakwenda kutafuta nyumba nyingine. Naye hakuthubutu kuuliza.

Asubuhi moja alikuwa amechutama anakuna kwa majivu mwiko uliogandwa na uji, mke wa mwalimu akaja akasimama mbele yake. Akamwekea mtoto mapajani, akachukua ndoo, akaenda bafuni. Bi Pasi akakaa na yule mtoto, mikono imejaa majivu, anaogopa hata kumpangusa ute. Alijua hajasamehewa. Lakini mtu anayehama hamwachii mwanawe adui.

Kazi ya paa ikaisha, mwalimu akarudi mbele, na wapo hadi leo. Salamu ilianza kidogo kidogo, kisha maneno, kisha hata masengenyo ya majirani. Benki inalipwa, mwezi mwingine kwa jasho. Wasiwasi wa Bi Pasi haujapona. Umepungua homa tu.

Juzi mumewe alirudi kutoka kazini na habari ya nyumba nyingine inayouzwa mtaa wa pili. Bi Pasi akamwambia hata kuitazama asiitazame, kwanza wamalize deni la hii, walale usingizi. Mume akaendelea kunawa mikono. Baada ya kitambo akamsikia mkewe anauliza kutoka jikoni.

“Paa lake ulilipanda?”