Kidole cha Shemeji

Umma unatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba mtaa wa nyuma ya soko unaye bingwa wa makochi, fundi ambaye wakubwa kwa wadogo wamekalia kazi yake, na kwamba bingwa huyo juma hili hali wala halali kwa sababu ya kidole. Si chake. Cha shemeji yake.

Shemeji, mdogo wa mkewe, ndiye mshonaji wa karakana. Jumatatu sindano ya magunia ilimchoma kidole cha shahada. Jumanne kidole kikawa chekundu, cha moto, kinadunda. Akaomba apumzike. Bingwa alikuwa ameahidi kochi la mwanasheria litoke Alhamisi, hivyo akamtania kwamba kidole hicho kina maneno kuliko dada mtu, akakipaka dawa ya ganzi iliyobaki siku alipoumwa jino. Kidole kikanyamaza. Shemeji akashona siku mbili, kochi likaenda kwa mwenyewe, na Ijumaa mkono ulikuwa umevimba hadi kiwiko.

Hospitalini daktari alieleza taratibu. Neva zikiguswa na jeraha hupeleka habari ubongoni, na papo hapo huwaita askari wa mwili. Askari wakifika humwaga kemikali zinazozidi kuzichokoza neva. Ndiyo maana panauma, ili mwenye mkono autulize. Ganzi haikuua kijidudu hata kimoja. Ilizima kengele tu, wezi wakaendelea kupakia mali. Kama kidole kitabaki au kitakatwa, wangejua Jumapili. Kisha akauliza nani aliyempaka.

Bingwa akasoma tangazo la kunawa mikono ukutani, mara tatu, kwa makini. Shemeji akajibu kwamba hakumbuki.

Hapo ndipo alipommaliza. Angemtukana, bingwa angepata usingizi.

Jumapili alifika wodini na machungwa, na hotuba aliyoifanyia mazoezi njia nzima. Ikamtoka nusu.

“Shemeji, ni mimi niliyekupaka. Na mbele ya daktari nikanyamaza.”

“Najua. Nilikuwepo.” Akainua bandeji. “Kinabaki. Ila sindano sishiki miezi miwili.”

Bingwa nusura alie. Akamwambia apumzike hata mwaka, asiwaze lolote, kazi haitasimama.

“Atashona nani? Si wewe, bingwa?”

Bingwa akayatazama machungwa.

“Mimi sijui kushona, shemeji.”