Mama Alinioza Nikiwa Maiti

Sikuwa na mke. Sikuwa na mtoto. Sikuwa na nyumba, wala shamba, wala mbuzi hata mmoja wa kunililia.

Halafu siku moja mwaka wa 1983 nikarudi kwetu, karibu na Kwa Vonza, nikakuta nina mke na watoto wawili.

Na nilikuwa nimekufa.

Subirini nieleze.

Niliondoka 1962 nikiwa turniboi, msaidizi wa dereva wa lori. Mombasa, Kampala, Kongo. Sikujua kusoma hata kibao cha barabarani. Mwaka wa 1964 lori letu lilichomwa Kongo. Nilitoroka kwa miguu hadi Zambia, nikaajiriwa Ndola, nikawa dereva.

Jioni nikirudi kutoka kazini, nilikaa darasa moja na watoto wa umri wa kuwa wanangu. Walinicheka. Nikawapita wote. Hilo silioni haya kulisema.

Mbona sikuandika nyumbani? Mwanzo sikujua kuandika. Nilipojua, nilitaka kwanza nirudi na kitu mkononi.

Basi nikarudi. Suti ya kijivu, sutikesi mbili, akiba ya kujenga nyumba ya mabati. Nilichoka kulala kwenye kiti cha lori. Nilitaka kuketi. Hayo tu.

Pale boma letu, msichana mkubwa alikuwa anapepeta mbaazi.

"Wewe ni nani?" nikamuuliza.

"Kalondu."

Nikashtuka. Hilo ni jina la mama yangu.

"Kalondu wa nani?"

"Wa Mbuvi. Lakini baba alikufa Kongo. Wewe unatafuta nani?"

Mbuvi ni mimi.



Wasomaji wasio Wakamba, hii ni desturi yetu. Mama ambaye mtoto wake wa kiume amekufa bila mke anaweza kuoa mwanamke kwa jina la huyo mtoto. Anatoa mbuzi kama kawaida. Mwanamke huyo anaitwa iweto. Anazaa na mtu anayemtaka, na hakuna anayeuliza. Watoto ni wa marehemu. Wanapewa majina ya nyumba hiyo, na shamba la marehemu ni lao.

Habari za lori zilifika kwetu. Mimi sikufika. Mama akangoja, akachoka, akaoa.

Iweto wake aliitwa Ndinda. Mwanamke mrefu, mikono ya jembe. Mvulana wake aliitwa Kiema, jina la baba yangu.

Mama alitoka jikoni. Alisimama mlangoni, akaniangalia. Nilidhani ni furaha.

Nami badala ya kumsalimia, nikawaka.

"Mwaitu, mama yangu, hawa ni watoto wa nani? Mimi sijazaa! Mimi niko hai! Kesho watoke, najenga hapa."

Watoto walisikia. Kalondu aliweka ungo chini polepole.

Ndinda hakuinua hata sauti.

"Wewe, mimi niliolewa na mama yako. Sikuolewa na wewe. Umekufa vizuri miaka hii yote, saa hii ni nini imekusumbua?"

"Chunga mdomo wako, mwanamke."

"Chunga wewe suti yako. Kuku watainyea."

Nikaenda kwa wazee wa ukoo. Nilitaka jambo moja tu: mama aseme mbele yao kwamba mimi ni mwanawe. Akisema, nina pa kujenga. Asiposema, mimi ni mpita njia.

Walikutana siku iliyofuata. Mkubwa wao alikuwa Ndululu, ndugu mdogo wa marehemu baba. Mtu huyu alinibeba mabegani nikiwa mdogo.

Akanikazia macho, kisha akacheka.

"Huyu? Huyu ni tapeli wa Zambia. Mbuvi alikuwa mweusi kuliko huyu."

"Baba mdogo, wewe ndiye ulinifundisha kukama ng'ombe!"

"Nani hajui kukama?"

Watu wakaangua kicheko.

Nikasema nitakula kiapo. Mzee mmoja akasema hakuna haja, mama mzazi yuko hapa, aulizwe yeye. Hakuna mtu atamwapisha mama juu ya mtoto wake.

Mama akaja mbele. Akanishika kidevu, akageuza uso wangu kushoto, kulia, kama anayenunua mbuzi sokoni. Vidole vyake vilipita juu ya kovu la nyusi. Kovu hilo nililipata nikianguka kutoka mgongoni mwake.

Kidole kilisimama pale.

"Simjui huyu," akasema. "Mwanangu alikufa."

Ndugu zangu, nimeona watu wakichomwa Kongo. Sijasikia kitu kama hicho.

Vijana walinisindikiza hadi barabarani, wakinirushia vumbi. "Maiti inaenda! Pisheni maiti!" Mmoja wao alivaa kofia yangu. Sikuidai.

Nikakaa juu ya sutikesi kungoja gari. Nikamwona mama anakuja peke yake na bakuli la muthokoi, mahindi ya kukobolewa.

"Kula," akasema.

"Mama. Umenijua?"

"Nilikujua ukiwa bado uko ng'ambo ya mto. Kwa vile unatembea."

"Basi mbona?"

"Jana ulisema kesho watoke. Hujaniuliza kama nilikuwa na njaa. Hujauliza baba yako tulimzika wapi. Ulisema watoke."

"Ni shamba langu, mama."

"Wewe ulinipa kungoja. Hao wamenichotea maji. Nikisema uko hai, hawana baba na hawana mahali. Nikisema umekufa, wewe ni mtu mzima, unajua gari, utaishi."

Akapangusa ukingo wa bakuli kwa kanga yake.

"Usirudi, Mbuvi. Ukirudi nitakukana tena."

Aliondoka bila kugeuka. Muthokoi ule niliumaliza wote. Njaa haina aibu.

Nilishukia Makindu. Siku za kwanza nilikula kwenye hekalu la Masingasinga, ambapo msafiri hulishwa bila kuulizwa jina. Hiyo ilinifaa, kwa maana jina sikuwa nalo.

Akiba yangu ikanunua kiploti na vifaa vya kuziba pancha. Watu wakaniita Mzee Zambia. Nikaoa Tima, mjane mwuza chai, mwanamke wa ulimi mkali. Nilipomsimulia haya yote alisema, "Maiti gani hii inakula chapati hivi?"

Nikazoea. Nikajenga. Nikapanda hata mwembe, mimi mtu wa magurudumu.

Mwaka wa 1994, Ndululu akaingia karakana yangu. Amezeeka, ameshika kofia mkononi.

"Mbuvi mwanangu!"

"Unanijua leo?"

"Damu ni damu, bana. Sikia. Mama yako tulimzika mwaka jana."

Hivyo ndivyo nilivyopata habari. Kati ya bana na sikia.

Akaendelea tu. Maafisa wanapima mashamba ili watu wapate hati. Shamba la Mbuvi linaandikwa kwa Kiema na dada yake.

"Njoo uwaambie uko hai," akasema. "Nitakuwa shahidi wako, ukoo wote utakutambua. Wale tunafukuza, mimi na wewe tunagawana. Unazikwa kwenu, Mbuvi! Unataka kuoza hapa kwa wageni?"

Sitawadanganya. Nililitaka. Jina langu lilikuwa pale, limeshikwa na mtu aliyenicheka, ninapewa kwa bei ya kuwafukuza wale wale watoto.

"Nitaandikia kamati ya mashamba," nikamwambia.

Akafurahi. Akanywa chai ya Tima, akaondoka bila kulipa.

Vijana mnaosoma hapa, mnaozunguka Dubai na kwingineko, sikieni. Nafasi uliyoiacha nyumbani haikai wazi ikikungoja. Mtu ataingia, atalima, atamzika mama yako. Ukirudi, ulizia kwanza nani alichota maji. Mimi nilianza kwa kudai, na hakuna elimu ya jioni iliyonifundisha kurudi nyuma.

Niliandika kwa mwandiko wangu bora. Kwamba nilifanya kazi na Mbuvi wa Kiema. Kwamba alifia Kongo mwaka wa 1964, nami nilimfukia kando ya barabara kwa mikono yangu. Kwamba kabla ya kufa alitaja mama yake. Kwamba mtu yeyote atakayekuja akijiita Mbuvi, na yeyote atakayemleta, wafukuzwe.

Nikatia sahihi: Mzee Zambia, Makindu.

Tima alisoma akichungulia begani mwangu. "Na ukitaka kufufuka?"

"Sitataka."

Nikalamba bahasha, nikaifunga, nikavuka barabara hadi posta na kuitumbukiza.