Mwanamke Aliyetaka Kucha za Babu

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, Newala, mchana jua likiwaka.

Babu alikufa kitandani kwa ugonjwa. Nilipofika kutoka Masasi, waoshaji walikuwa wamekaa tu. Mabomba yalikuwa makavu, na waliotumwa bondeni na madumu hawajarudi. Mzee wa waoshaji akanikabidhi kitambaa kilichofungwa fundo. "Kucha zake, tulimkata akiumwa. Zitaingia naye kwenye sanda."

Nikiwa uani nimezishika, akaja mwanamke na ndoo ya maji, kanga imemfunika nusu ya uso.

"Shikamoo, mama."

Akatua ndoo. "Alifia kitandani? Chukueni maji. Mimi nipeni kucha."

Wanawake wakacheka. Msibani kwetu watani huja na vituko vyao, hudai wanachotaka, na hupewa.

"Mpe mtani haki yake, tumzike baba," shangazi akasema.

"Kucha, shangazi?"

"Msiba wa juzi mtani alilala kaburini mpaka akapewa soda. Kucha ndiyo nini, msomi wetu?"

Lakini mimi chuoni nilisoma hadithi za miungu ya kale. Kwa Wagiriki, wafu karibu wote hushuka kuzimu kwa mungu Hadesi; mvushaji wa mtoni huchukua sarafu yake, basi, mwili hana haja nao. Miungu yao haifi. Ya watu wa kaskazini ya Ulaya itakufa. Huko, waliouawa vitani hula nyama kwa Odini, mkuu wa miungu, na wanaokufa kwa maradhi huenda kwenye baridi ya Heli, mwanamke nusu hai, nusu maiti. Siku ya mwisho maadui wa miungu watakuja kwa merikebu iliyojengwa kwa kucha za wafu.

Heli angefikaje Newala? Niliwaza hivyo, kisha nikachungulia ndoo. Chini ya maji yale safi zilitulia kucha, za njano, nene, nyingine bado zina nyama.

Upepo ukainua kanga. Niamini, upande ule uliofichwa ulikuwa wa bluu iliyoiva kuwa nyeusi, shavu limelegea, meno yako nje, na harufu yake ilinikaa kooni.

"Sitoi," nikasema.

"Wenzako wanatoa," akajibu taratibu, akajitwika ndoo yake, akaondoka.

Shangazi alinifokea mbele ya watu. Yeye aliona mtani tu, na maji yanayoondoka. Mzee wa waoshaji ndiye aliyemnyamazisha: maji yakikosekana, maiti hutayamamishwa kwa udongo. Waliotumwa bondeni hawakuwahi kurudi, na ndivyo Babu alivyozikwa, kucha zake zikiwa ndani ya sanda.

Mpaka leo shangazi hasemi nami. Na mimi sinywi maji ya ndoo ya mtu bila kuyachungulia hadi chini.

Ukifiwa, cheka na watani. Wape soda, wape hata kuku. Ila kilichotoka kwenye mwili wa maiti wako, usimpe mtu, hata kama kiu inawaua nyote.