Kope la Dahabo

Kwa miaka miwili Dahabo, muuza vitambaa wa Kebirigo, aliamka kila asubuhi na jicho jekundu, na soko zima likavumisha kwamba mumewe Jibril humpiga. Dawa za matone hazikusaidia. Mwishowe daktari wa macho alilivuta kope lake, nalo likageuka nje kama mpira uliolegea.

"Unakoroma, mama?"

"Nimeleta jicho, si pua!" Dahabo alifoka.

Jibril, aliyemsindikiza, akainamisha kichwa. "Anakoroma, daktari. Halafu pumzi inakatika, namtikisa."

"Basi ndiyo hiyo. Wenye shida hiyo kope hulegea, likageuka usingizini na jicho likasuguliwa na mto. Lazima tupime pumzi yako ukiwa umelala."

Dahabo akamgeukia mumewe. "Pumzi yangu inakatika na wewe umenyamaza?"

"Niliogopa utakasirika."

"Na sasa unaniona nikicheka?"

Kwenye kipimo alikwenda peke yake. Jibril hakusemeshwa wiki mbili.