Mwimbaji wa Kumi na Mbili

Kwa miaka kumi na moja shoga yangu Pindo aliimba katika kwaya ya kiwanda chetu bila kutoa sauti, na kwa miaka hiyo hiyo mumewe aliisifia sauti yake mtaa mzima. Nasema haya bila husuda. Yaani husuda ninayo, lakini mtaona kwamba nina haki nayo.

Kiwanda chetu kinatengeneza magodoro. Pindo anakaa kwenye cherehani kubwa ya mwisho, ile inayoshona utepe kuzunguka ukingo wa godoro, ndiyo maana tukambandika jina hilo. Kazi yake haina mpinzani. Godoro likipita mikononi mwake pembe zote nne zinatoka sawa, wala hapimi. Ni mcheshi, ana roho nzuri, na akizungumza utapenda kumsikiliza. Akiimba ndipo balaa linapoanza. Wengine hukosea noti moja au mbili; sauti ya Pindo inatoka nyumbani na wimbo, halafu inakwenda zake bila kuaga.

Mwalimu wetu wa kwaya, ambaye saa za kazi ni karani wa stoo, aliligundua hilo siku ya kwanza. Lakini masharti ya mashindano ya kwaya za viwanda yanataka waimbaji kumi na wawili kamili, na bila Pindo tulikuwa kumi na mmoja. Akamwita pembeni, nami nilikuwepo.

"Mama, tunakuhitaji sana," akamwambia. "Fungua mdomo vizuri, tabasamu, simama wima. Ila sauti usitoe. Hata chembe."

Pindo akakubali, maana aliipenda kwaya kuliko wengi wetu tulioweza kuimba. Alijua beti zote kwa moyo, hakuwahi kuchelewa mazoezi, na mdomo wake ulifunguka vizuri hivi kwamba mwaka mmoja waamuzi walituambia sote tumuige yeye.

Shida ilikuwa mumewe. Mumewe ni fundi redio, na anaamini Mungu hajaumba sikio jingine kama lake. Hakuwahi kuja kwenye mashindano kwa sababu hawezi kufunga kibanda, lakini tukitangazwa redioni anawanyamazisha wateja, anafumba macho na kuinua kidole.

"Mnaisikia ile ya chini?" anawauliza. "Ile nzito, inayowabeba wenzake? Huyo ni mke wangu."

Ile ya chini ni yangu mimi. Nikipita pale kibandani ananiita, "Shemeji! Na nyinyi jitahidini, msimwachie mwenzenu mzigo wote." Nami nameza mate na kumjibu kwamba tutajitahidi.

Nyumbani Pindo haimbi kabisa. Alimwambia mumewe kwamba Mwalimu amekataza, sauti isije ikachoka. Watoto wao watatu walibembelezwa kwa kupigwapigwa mgongoni tu, na wamekua salama.

Mwaka huu tukashinda. Wimbo alitutungia Mwalimu mwenyewe, wa beti tatu, unaanza hivi: "Lala, mteja, lala, sponji imepimwa." Msicheke, ulitupa kombe. Meneja alifurahi mno akatangaza kwamba atatupeleka kula chakula cha jioni kwenye mgahawa wa Kichina, wa mapishi ya Kikantoni, ulioko ghorofa ya juu ya hoteli kubwa, mahali ambapo hata anayefungua mlango amevaa kumshinda Meneja. Kila mwimbaji aje na mwenza wake. Pindo aliposikia habari ya mwenza, akanivuta chooni.

"Shoga, nimekwisha."

"Umekwisha nini? Si chakula tu?"

"Na wakisema tuimbe? Atakuwa pale pale, hatua tatu. Ataona mdomo wangu unacheza na sauti inatoka kwako. Atajua nimemdanganya tangu mtoto wa kwanza yuko tumboni."

"Nitakaa ubavuni mwako. Nitaimba kwa nguvu, hatajua imetokea wapi."

"Niapie."

Nikaapa, tena kwa marehemu mama yangu.

Sasa hapa lazima nieleze habari ya kijiti. Mwalimu anatuongoza kwa kijiti chembamba cha mbao. Kijiti kikipanda, tunasimama. Kikienda mbele, tunaanza. Kiganja cha mkono huo huo kikifumba, tunanyamaza. Ametuzoeza mpaka hatufikiri tena. Mwaka juzi alichukua kalamu kufukuza nzi kwenye kikao cha usalama kazini, tukawa tumemaliza ubeti mzima kabla hajatuzuia.

Jioni hiyo tukawekwa sisi kumi na wawili, Mwalimu na Meneja kwenye meza moja ya duara, kubwa kama ukumbi, na katikati yake kioo kinachozunguka. Wenza wetu walikaa meza ya jirani. Zulia lilikuwa laini kuliko bidhaa zetu, jambo lililomkera sana Meneja. Nilimwona akilikanyagakanyaga kulipima. Vitambaa vya mikono vilikunjwa kama ndege, na mwimbaji wetu mmoja hakuthubutu kuvunja wake, akawa anajifutia mkono kwenye suruali. Mbele ya kila mtu palikuwa na vijiti viwili vya kulia. Hapo ningepaswa kushtuka, lakini nilikuwa na njaa.

Mhudumu akaleta vikapu vya mianzi vyenye moshi. Ndani mlikuwa na vifuko vidogo vya unga, vyeupe, vimejazwa kamba wa baharini, vimepikwa kwa mvuke. Akatueleza kwa upole kwamba vinaliwa vya moto, kimoja kizima kwa mara moja. Mwalimu, ambaye hawezi kuvumilia watu kumi na wawili wafanye jambo bila kwenda pamoja, akahesabu, "Tatu, nne!" Tukatia mdomoni. Moto wake, ndugu zangu, ulikuwa wa kutubu dhambi. Kumeza hukuwezi, kutema mbele ya Meneja hukuwezi. Pindo peke yake hakula, maana kifuko chake kilimponyoka vijitini kikaangukia kwenye chai.

Wakati huo huo Mwalimu aliamua kumpakulia Meneja bata wa kuchoma. Akashika vijiti, akabana kipande kinono, akakiinua juu.

Tukasimama.

Akashtuka kutuona wima, lakini mkono ulikuwa umeshaanza safari. Kijiti kikaenda mbele, kuelekea sahani ya Meneja.

Vinywa kumi na moja vilikuwa vimejaa. Mdomo wa kumi na mbili ukafunguka vizuri sana, kama ulivyofunguka miaka yote, ukaanza kucheza maneno ya ubeti wa kwanza katika kimya kitupu. Kwenye meza ya jirani fundi redio alikuwa ameshafumba macho na kutega sikio. Akasubiri. Akafumbua jicho moja.

Pindo akanitazama. Nisiwafiche: ningeweza kumeza. Ningeungua koo, lakini ningeweza. Miaka kumi na moja ya "jitahidini" ilinikaa pale pale kooni pamoja na yule kamba, nami nikasita. Nilipotaka kujirekebisha, Pindo alikuwa ameshatoa sauti.

Mhudumu aliweka birika chini. Meneja aliangalia dari, akidhani ni bomba. "Lala, mteja, lala," aliimba Pindo, na hakuna mteja ambaye angelala. Mwalimu alitaka kufumba kiganja amnyamazishe, lakini kipande cha bata kilikuwa kimeteleza kikabaki kinaning'inia kwa ngozi, juu kabisa ya shati jeupe la Meneja, kinachuruzika. Akifumba, kinaanguka. Hivyo mkono ukabaki hewani, na Pindo, mtiifu kama kawaida yake, akaimba beti zote tatu hadi mwisho. Machozi yalimtoka lakini hakuruka hata neno.

Bata akaanguka mwenyewe. Meneja hata hakuutazama uharibifu.

Fundi redio akainuka, akaja mpaka kwenye meza yetu.

"Mke wangu, hiyo siyo ile ya redioni."

"Siyo," akajibu Pindo.

"Ile ya chini ni ya nani?"

Pindo akaninyooshea kidole. Mimi nilikuwa bado natafuna. Yule mwanaume akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, yaani kunitazama kweli.

"Kumbe miaka yote nilikuwa namsifia shemeji?"

"Miaka yote."

"Na hii yako ulikuwa unaificha wapi?"

"Mwalimu alisema ni mbaya. Nikaogopa ukiisikia utaona aibu, na wewe ulivyo na sikio." Alisema yote kwa pumzi moja, akainamisha kichwa. Niliona haya kwa niaba yangu mwenyewe, nikakimeza kile kifuko kwa nguvu.

Fundi redio akamgeukia Mwalimu, kisha akamrudia mkewe.

"Ni mbaya," akasema. "Siwezi kusema uongo kwenye kazi yangu, ni mbaya sana. Lakini nimelala na wewe nyumba moja miaka yote hii nikisikiliza ya mtu mwingine. Yako sijashiba. Imba ubeti wa nne."

"Wimbo hauna ubeti wa nne," akasema Mwalimu, bado kavishika vijiti.

Pindo akafuta uso kwa kile kitambaa cha ndege. Akafikiri kwa muda wa kushona pembe moja. Halafu akamgeukia mumewe, akaimba ya kwake:

"Nimekushonea pembe,
zote nne ziko sawa.
Ukigeuka huanguki,
ukingo nimeushika."

Ulikuwa mbaya kuliko beti zote tatu. Mumewe akamwomba aurudie.